Fikra za Kujiua kwa Watoto: Swali Ambalo Hatuliulizi

Katika zahanati na vituo vya afya vya Songea, kama ilivyo kwingineko nchini, yupo mgonjwa ambaye kila mhudumu wa siku nyingi anamfahamu, ingawa sura yake hubadilika. Ni mtoto wa miaka 11, 13 au 15. Ameletwa na bibi au shangazi. Kichwa kinamuuma, au tumbo, au hapati usingizi. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mkojo na kinyesi havina tatizo. Anapewa dawa ya maumivu, pengine ya minyoo au ya vidonda vya tumbo, anarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu yuko kwenye benchi tena. Wengi wa watoto hao wana maradhi ya kawaida ya mwili. Wachache wao wamebeba wazo ambalo hawajamwambia mtu yeyote, nalo ni kwamba ingekuwa heri wasiwepo duniani. Hadubini haiwezi kutuonyesha ni yupi kati yao. Njia iliyopo ni kuuliza, na swali hilo ndilo ambalo wengi wetu hatuliulizi.

Makala hii inaeleza yale ambayo utafiti umeyabaini kuhusu mambo yanayohusiana na fikra na matendo ya kujiua kwa watoto, hasa hapa Tanzania, na namna mhudumu wa afya au mzazi wa Ruvuma anavyoweza kuyatumia. Ikiwa wewe unayesoma ndiye uliye na fikra hizo, usisubiri kumaliza kurasa hizi. Mwendee mtu mmoja unayemwamini sasa, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto, au mtu yeyote mwenye wasiwasi juu ya mtoto, anaweza pia kupiga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hailipiwi.

Kwanza tutenganishe maneno, kwa kuwa yakichanganywa huleta ama hofu isiyo na msingi ama uzembe. Kuna kutamani kufa, yaani mtoto kuona kwamba angelala asiamke ingekuwa nafuu. Kuna kuwaza kujiua. Kuna kupanga, kuna kujaribu, na kuna kifo chenyewe. Wengi walio katika hatua ya kwanza hawafiki ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Kwa watoto walio chini ya umri huo vifo ni vichache zaidi, lakini fikra si chache. Huko Marekani, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu watoto karibu 8,000 wenye umri wa miaka 9 na 10 ulikuta kwamba asilimia 8.4 waliwahi kuwa na fikra za kujiua au walikuwa nazo wakati huo. Umri huo, kwetu, ni darasa la tatu au la nne.

Kwa Tanzania chanzo kikuu cha takwimu ni uchunguzi wa afya ya wanafunzi ambao Shirika la Afya Duniani huuendesha pamoja na serikali za nchi nyingi, ambapo mwanafunzi hujaza dodoso darasani bila kuandika jina. Ulifanyika Dar es Salaam mwaka 2006, na uchambuzi wake ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 7 ya wanafunzi waliwahi kuwaza kwa dhati kujiua katika mwaka uliotangulia. Upweke, wasiwasi unaomnyima mtu usingizi na kuonewa na wenzake vilijitokeza pamoja na fikra hizo. Mwaka 2014 uchunguzi ulirudiwa kwa upana zaidi, ukawahusisha wanafunzi zaidi ya 3,700. Kutokana na takwimu hizo, watafiti wa Kitanzania walichapisha mwaka 2019 makala iliyouliza jambo ambalo wengi wasingelitarajia katika jarida la magonjwa ya akili: je, njaa inahusika? Jibu lilikuwa ndiyo. Wanafunzi waliosema kwamba mara nyingi walishinda na njaa kwa kuwa nyumbani hakukuwa na chakula ndio waliotaja zaidi fikra, mipango na majaribio ya kujiua.

Msomaji wa Songea anaweza kusema kwamba hilo halituhusu. Huu ni mkoa wa mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana kanda yake hapa. Lakini ghala la mkoa na sufuria ya mtoto ni vitu viwili. Mwanafunzi wa shule ya kata aliyepanga chumba kwa sababu kijijini kwao ni mbali, kile ambacho wenyewe hukiita geto, hurudi nyumbani mwisho wa juma kufuata unga. Juma ambalo hakwenda, au mvua imeharibu njia, au baba amekwisha kuuza gunia la mwisho, hulala bila kula huku akijua kwamba kesho asubuhi kuna jaribio la hesabu. Yuko peke yake, ana njaa, na hana mtu mzima wa kumwangalia. Dodoso lilizihesabu hali hizo moja moja, naye anazo zote usiku mmoja. Kwa maoni yangu mtoto huyu anastahili kuangaliwa na sisi wa afya kuliko tunavyomwangalia sasa, kwa kuwa si wa bweni ambako kuna matroni, wala si wa nyumbani ambako kuna mama.

Jambo la pili ambalo utafiti wa nchi hii umelionyesha ni ukatili. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ukisimamiwa kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa mambo yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wametendewa ukatili wa kingono. Takriban robo tatu ya wasichana na ya wavulana walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au viboko na mtu mzima au mpenzi. Robo moja hivi walisema mtu mzima aliwatukana, aliwatishia kuwatelekeza au aliwafanya wajione hawatakiwi. Sehemu kubwa ya waliotendewa ukatili wa kingono hawakumwambia mtu. Uchunguzi wa namna hiyo uliotangulia kufanyika Eswatini, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha wazi kwamba wasichana waliotendewa ukatili wa kingono utotoni walikuwa na fikra za kujiua zaidi kuliko wenzao.

Kuhusu kipigo cha kufundisha adabu, najua kwamba neno lolote hapa litapingwa, na wengi watasema sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa shule ya msingi nchini ulikuta kwamba karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Ulikuta pia kwamba adhabu kali ilihusiana na huzuni na wasiwasi wa ndani, na hata na uwezo wa kufikiri. Hakuna anayesema kila fimbo huzaa wazo la kufa. Kinachosemwa ni kwamba mtoto ambaye mzazi au mwalimu humpiga hana njia ya kumwendea mtu huyohuyo siku atakapolemewa.

Hapa ni mahali pa kusimama kidogo na kueleza neno moja la kitaalamu. Tafiti hizi nyingi huwauliza watu mara moja tu. Zinaonyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja, wala hazithibitishi kwamba la kwanza limezaa la pili. Inawezekana njaa inamkatisha tamaa mtoto. Inawezekana pia kwamba nyumba isiyo na chakula ndiyo yenye ulevi na ugomvi, na kwamba ugomvi ndio unaoumiza. Zaidi ya hayo dodoso la shuleni halimfikii mtoto aliyeacha shule, yule anayechunga au anayelea wadogo zake. Kwa mhudumu wa afya, hata hivyo, uhusiano unatosha kwa kazi moja: unamwambia ni mtoto gani wa kumwuliza kwanza.

Juu ya yote hayo ipo sonona. Utafiti wa nchi sita za Afrika uliowahusu vijana wa miaka 10 hadi 19, wakiwamo wa Dar es Salaam na Dodoma, ulikuta dalili za sonona zikiambatana na fikra za kujiua, na hali ni hiyo karibu kila mahali suala hili lilipochunguzwa. Shida ni kwamba sonona ya mtoto haifanani na ile tuliyoizoea kwa mtu mzima. Mtoto hakai kona moja akilia. Huwa mkali, hugombana na ndugu zake kwa jambo dogo, hushuka darasani, huacha mpira alioupenda, hulala sana au halali kabisa, hulalamika tumbo. Nyumbani huitwa mkaidi, na pengine hupelekwa kwa mganga kwa kuwa inasemwa amerogwa. Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, kama kifafa, selimundu au maambukizi ya VVU, aangaliwe kwa namna ya pekee. Huko Moshi, programu iitwayo Sauti ya Vijana imewakutanisha vijana wanaoishi na VVU katika vikundi vinavyoongozwa na vijana wenzao waliofundishwa, wakizungumza juu ya msiba, unyanyapaa na matumaini. Kliniki yoyote ya tiba na matunzo yenye siku maalumu ya vijana inaweza kujifunza kutoka kwao.

Mzazi atauliza: mtoto wangu angekuwa hivyo, nisingejua? Jibu la utafiti ni chungu. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walizungumza na zaidi ya vijana 5,000 wa miaka 11 hadi 17 na, kwa upande mwingine, na wazazi wao. Miongoni mwa vijana waliosema wamewahi kuwaza kujiua, nusu ya wazazi hawakujua. Hao walikuwa wazazi waliokubali kuja kwenye utafiti pamoja na watoto wao, kwa hiyo hatuwezi kuwaita wazembe. Mtoto huficha kwa kuwa anaogopa kumhuzunisha mama, au anaogopa kuchapwa, au anaona aibu. Na ule uchambuzi wa watoto wa miaka 9 na 10 nilioutaja ulionyesha upande wa pili. Ugomvi katika familia uliambatana na fikra za kujiua, ilhali mzazi kujua mtoto yuko wapi na anafanya nini, na mtoto kuipenda shule yake, viliambatana na upungufu wa fikra hizo. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi, ingawa siwezi kusema ni rahisi kwa mama anayetoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi usiku.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Sababu kubwa inayotuzuia kuuliza ni imani kwamba ukilitaja jambo hilo utalipanda kichwani mwa mtoto. Imani hiyo imepimwa. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio katika shule sita za sekondari za jimbo la New York, likiwahusisha wanafunzi 2,342. Nusu waliulizwa juu ya kujiua na nusu hawakuulizwa. Siku mbili baadaye walioulizwa hawakuwa na fikra hizo zaidi ya wenzao, wala hawakuwa na dhiki zaidi, na wale waliokuwa tayari na sonona au waliowahi kujaribu walionekana kupata nafuu kidogo kwa kuulizwa. Mwongozo wa mhGAP, ambao Shirika la Afya Duniani liliutengeneza kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa wa afya ya akili, unasema vivyo hivyo: kuuliza hakuchochei tendo, na mara nyingi humpunguzia mtu wasiwasi.

Basi tuulizeje? Kwanza faragha. Mwamkie bibi kwa heshima yake, umsikilize hadi amalize, kisha useme: “Bibi, naomba utupishe kidogo nizungumze na mjukuu wako, nitakuita sasa hivi.” Anza na ya kawaida, yaani shule, marafiki, nani anapika nyumbani, jana alikula nini, analala na nani. Kisha shuka polepole. “Mwanangu, mtu akiwa na mambo mazito moyoni, wakati mwingine huona afadhali angekufa. Wewe umewahi kuona hivyo?” Akikubali kwa kichwa, usikimbie. “Umewahi kuwaza kujiua?” “Na wiki hii?” “Umefikiria ungefanya nini?” “Umewahi kujaribu?” Tumia neno kujiua lenyewe. Maneno ya kuzungukazunguka, kama “kufanya jambo baya”, humwachia mtoto nafasi ya kujibu swali jingine ambalo hukumwuliza. Na akinyamaza, nyamaza naye. Dakika moja ya ukimya ni ndefu katika foleni ya Jumatatu, lakini mara nyingi ndimo jibu linapopatikana.

Baada ya kusikia, neno la kwanza lina uzito kuliko mengi yatakayofuata. “Usiwaze hivyo, ni dhambi” ni sentensi inayotoka haraka katika mji wenye makanisa na misikiti mingi, na husemwa kwa nia njema. Neno la dini lina mahali pake baadaye, likisemwa na mtu ambaye mtoto anamwamini. Katika dakika tano za mwanzo lina kazi moja tu, nayo ni kumfunga mdomo. Afadhali useme: “Ahsante kwa kuniambia. Haya ni mazito kuyabeba peke yako. Tutasaidiana.” Wala usiahidi siri kamili. Mweleze kwamba lile linalohusu uhai wake lazima mtu mmoja mzima wa kumlinda alijue, na mchague pamoja huyo mtu ni nani. Ikiwa anayemwumiza yuko nyumbani, mtu huyo asiwe wa nyumba hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki zake kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali ya mitaa, na hapo ndipo ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wanapoingia.

Mtoto mwenye mpango au aliyejaribu karibuni asirudishwe nyumbani peke yake wala asiachwe peke yake hata msalani. Apelekwe siku hiyohiyo panapoweza kumtathmini, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Songea au, kwa walio upande wa magharibi, Peramiho. Mwenye fikra pasipo mpango anaweza kuhudumiwa karibu na kwao, kwa sharti kwamba miadi ya kurudi iko karibu na mtu wa kumfuatilia anajulikana kwa jina.

Inabidi pia kusema jambo la sheria, kwa kuwa familia huliogopa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hofu hiyo wapo wanaosema mtoto alikunywa kwa bahati mbaya au alianguka, na mhudumu akaandika hivyo, na sababu halisi ikabaki bila tiba. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Kwetu mjadala wa sheria ni wa wabunge. Katika chumba cha matibabu mtoto huyo ni mgonjwa, na maswali yetu yawe ya kitabibu.

Kwa wazazi na walezi wa Ruvuma lipo jambo moja ambalo naliweka mbele ya mengine yote, nalo ni dawa za shambani. Karibu kila kaya inayolima ina dawa ya kuhifadhi mahindi au ya kunyunyizia kahawa, korosho au tumbaku, na mara nyingi hukaa chini ya kitanda au juu ya dari katika chupa iliyofunguliwa. Wazo la kujiua kwa kijana huja kama wimbi, mara nyingi baada ya ugomvi au aibu ya siku ileile, na hupita. Kikiwa karibu kitu cha hatari wimbi halipati muda wa kupita. Sri Lanka iliondoa sokoni, hatua kwa hatua, viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, na vifo vya kujiua vikashuka kwa takriban asilimia 70, huku wakulima wakiendelea kuvuna. Sisi hatuna uwezo wa kupiga marufuku kitu tukiwa nyumbani, lakini tuna uwezo wa kununua kiasi cha msimu mmoja, kukifungia kwa kufuli katika sanduku lililo nje ya chumba cha kulala, na kumpa ufunguo mtu mzima mmoja. Dawa za hospitali za bibi, za presha na za kisukari, zifuate utaratibu huohuo. Mhudumu amweleze mlezi haya kabla ya kumruhusu kuondoka, na amwulize palepale: ziko wapi sasa, na nani atazihamisha leo.

Shuleni nako kuna la kufanya. Jaribio kubwa la nchi kumi za Ulaya, lililochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wanafunzi zaidi ya 11,000, lililinganisha njia kadhaa. Iliyofaulu ni ile ya kuwakutanisha wanafunzi wenyewe kwa vipindi vichache, wakazungumza na kuigiza juu ya msongo, huzuni na kumsaidia rafiki, na baada ya mwaka mmoja majaribio mapya ya kujiua yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu. Kuwafundisha walimu peke yao kutambua dalili hakukuleta tofauti hiyo. Karibu nasi zaidi, huko Luwero nchini Uganda, programu ya kuibadili shule nzima ilipunguza kipigo cha walimu. Wanafunzi waliosema walipigwa katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zilizoshiriki na 49 katika zile ambazo hazijaanza.

Limebaki suala la kufuatilia, ambalo kwa kawaida ndilo tunaloliacha. Shirika la Afya Duniani liliwahi kupima katika nchi tano, zikiwamo India na Sri Lanka, njia nyepesi sana kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilipata, pamoja na huduma hiyo, mazungumzo ya saa moja kabla ya kuondoka, kisha kutembelewa au kupigiwa simu mara tisa katika miezi 18. Kufikia mwisho wa muda huo waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2 katika kundi la kwanza na 0.2 katika la pili. Aliyepiga simu hakuhitaji kuwa bingwa. Katika kata ya Songea anaweza kuwa muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye daftari, jina la mtoto, namba ya mlezi waliyemchagua pamoja, na tarehe tisa zilizoandikwa tangu siku ya kwanza, ya kwanza ikiwa ndani ya wiki hiyohiyo.